Mjukuu Wenu Kasoma Majina ya Mazimwi

Mama, Baba, na wote mnaokaa barazani hapo Ngamiani,

Nawaandikia kwa sababu ya usiku ule wa hospitali ya Bombo. Mama, unakumbuka mkweo aliposhikwa na uchungu ukasema, "Tulieni, hata chai hamjanywa"? Chai ikanywewa, na mjukuu wako akazaliwa saa sita na robo usiku, Septemba 1. Basi jueni kwamba Waingereza hupanga watoto madarasani kwa tarehe ya kuzaliwa, na mwaka wao hukatwa Agosti 31. Angewahi robo saa tu, angekuwa darasa la juu. Sasa yuko la chini, na mimi nina ada ya mwaka mzima wa ziada mbele yangu. Nilijaribu kumweleza karani wa usajili habari za chai. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaandika "Year 1".

Tunatafuta shule ya mtaala wa Kiingereza, kwa sababu kazi zetu huku Dubai ni za mkataba na hatujui kesho mkataba utatupeleka nchi gani. Mtaala huu uko karibu kila nchi, kwa hiyo mtoto akihamishwa anaendelea alipoachia. Ada msiniulize. Nitasema tu kwamba ni makumi ya maelfu ya dirhamu kwa mwaka, na dola moja ni dirhamu 3.67. Baba, ukitaka kuzidisha, kaa chini kwanza.

Shule za kwetu sote tunazijua: fagio la chelewa, jembe, kidumu cha maji, na mchakamchaka kabla jua halijawaka. Hapa nimepewa orodha yenye miwani ya kuogelea, tableti, na koti la bleza lenye nembo, katika mji ambao Julai joto linapita nyuzi 40. Halafu ipo kanuni ya kofia: mtoto asiye na kofia hatoki kucheza, anakaa kivulini na mwalimu wa zamu. Niliwaza watoto wa Raskazone, wanaoshinda majini tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, nikamuuliza mwalimu kama kuna aliyewahi kufa kwa jua. Akanipa kipeperushi.

Lakini ngojeni niwaeleze mtihani. Tangu 2012, watoto wa Year 1 kule Uingereza hupewa maneno 40 wayasome kila Juni, na shule kadhaa tulizotembelea huku nazo zimeuiga. Maneno 20 ni ya kweli. Yale mengine 20 hayana maana yoyote. Hayamo katika kamusi, yametungwa na watu wazima wanaolipwa mshahara, na pembeni ya kila moja pamechorwa zimwi, ili mtoto aelewe kwamba hilo ni jina la zimwi na asijisumbue kutafuta maana. Shabaha ni kujua kama anasoma herufi kweli au anakisia neno alilolizoea. Nilipoelezwa nilicheka, kisha nikaona wana akili. Mwalimu, dada mpole wa Yorkshire, akamwekea binti yetu kadi ya majaribio: zimwi la kijani, jicho moja, na chini yake "zib". Binti akasoma bila kusita: "Zibu." Mwalimu akatabasamu, akamwomba arudie. "Zibu." Safari ya tatu akaiacha ile irabu kwa shingo upande, akanigeukia na kuuliza kama huyu anakula watu. Sikumjibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yamefika kidevuni, nazisoma kimoyomoyo kadi zilizobaki. Mhasibu mwenye CPA, na kila zimwi nimelimalizia kwa "u".

Baba, wewe mwalimu mkuu mstaafu, hili ni lako. Unajua wakaguzi wakija uwanja unafagiliwa mara mbili na kuku wawili wanaaga dunia. Hapa mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, ilianza kukagua shule binafsi mwaka 2008, na ripoti hutangazwa hadharani, kila mzazi aisome. Shule hupangwa katika ngazi sita, kuanzia bora kabisa hadi dhaifu sana, na kwa miaka mingi ruhusa ya kupandisha ada ilifungamanishwa na ngazi hizo. Wapo pia wakaguzi wa mpango uitwao British Schools Overseas, unaosimamiwa na wizara ya elimu ya Uingereza, wanaopima kama shule inafanana na za kwao. Nimezisoma ripoti hizo usiku kucha, mkweo akidhani natafuta kazi nyingine.

Nilichojifunza ni kuruka sifa na kwenda kwenye ukurasa wa takwimu, pale palipoandikwa mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi na asilimia ngapi ya walimu wameondoka. Walimu wengi wa huku nao ni watu wa mkataba, wanakaa miaka miwili, wanaaga. Shule ya kwanza ilituonyesha bwawa, ukumbi wa tamthilia na mgahawa wa akina mama. Walimu wake wanapishana mlangoni. Ukutani kwa Year 2 niliona michoro ya moto mkubwa wa London wa 1666, ulioanzia kwenye tanuri la mwoka mikate. Nilipomsimulia Mama kwa simu aliuliza jambo moja tu: unga uliokolewa? Walimu wa historia hawakuwa na jibu.

Na Mama, usihofu habari za chuoni. Sheria ya nchi inazitaka hata shule hizi zifundishe Kiarabu, na watoto wa Kiislamu wasome dini. Ijumaa wanatoka mapema kabla ya swala. Katika alifu bee tee mjukuu wenu aliwapita wote, na hapo hakuna aliyemwambia apunguze irabu.

Tumechagua shule ndogo upande wa Qusais. Haina mgahawa, bwawa lake ni la kulowesha miguu, na mwalimu wa Year 1 ana mwaka wa saba darasani hapohapo. Wanasubiri kadi ya kliniki yenye chanjo zote. Iko ndani ya sanduku la Bibi, chini ya kanga. Mpeni abiria yeyote anayekuja Deira kufunga mzigo, na ubuyu mumwekee kwenye begi la mkononi, maana lile la chini mara ya mwisho lilifika tupu.