Namna ya Kushindwa kwa Heshima Kadi ya Mtandao Isipoonekana

Karibu, fundi. Vuta stuli ukae, ila kwanza geuza skrini ielekee ukutani. Wateja wa steshenari hupenda kuchungulia, na leo kuna mambo hawatakiwi kuyaona.

Najua kilichokupata. Hukutaka Ubuntu, ile ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweka kwa flashi huku anatafuna muhogo. Ulitaka Linux ya kujijengea. Ukachukua Linux From Scratch, kitabu alichokianzisha Gerard Beekmans mwaka 1999 kwa ajili ya watu wasiopenda kupikiwa, ukaanza kusaga unga mwenyewe: kompaila, maktaba, kerneli. Wiki tatu hujalala kabla ya saa nane usiku. Sasa OptiPlex yako ya mtumba inawaka, maandishi meupe yanateremka gizani, na Mpepai nzima imesikia kuwa una kompyuta isiyotumia Windows. Kasoro ni moja tu: haioni kadi ya mtandao. Na matokeo ya kidato cha nne yametoka asubuhi hii. Benchi la nje limejaa, na mwisho wa benchi amekaa mama muuza usipa na ndoo yake, ameshika karatasi yenye namba ya mtihani ya mjukuu.

Kuirekebisha sitakufundisha. Ukirekebisha kitu kwa dakika tano watu watasema kumbe kilikuwa rahisi, na watakulipa kama kitu rahisi. Nitakufundisha kushindwa bila jina la fundi kukutoka. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, naijua.

1. Laumu kitu kilicho mbali.

Usiseme "sijui". Neno hilo waachie madaktari. Zamani tulikuwa na "umeme mdogo", kisingizio kitamu sana enzi za majenereta ya dizeli, lakini tangu gridi ya Taifa ifike Songea mwaka 2018 kwa ile laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako, makali yake yamepungua. Siku hizi tumia mkongo. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kweli huko baharini, intaneti ikazorota Tanzania nzima, na tangu hapo ukimwambia mtu "mkongo umekatika" anakupa pole kama umefiwa.

Atatokea kijana mjuaji aseme, "Mbona simu yangu inashika?" Mjibu bila kumtazama: simu inatumia mnara, kompyuta inatumia mkongo. Si kweli, minara nayo inategemea mkongo huohuo, lakini sauti yako iwe ya mtu aliyechoka kueleza. Hakuna atakayeuliza waya uliokatika chini ya bahari unawezaje kuizuia mashine isione kipande cha bati kilichomo tumboni mwake mwenyewe.

2. Usiiulize mashine chochote.

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wameharibikiwa. Kuna amri inaitwa lspci. Ukiiandika na viambata vyake, lspci -nnk, mashine inakutajia kila kilichochomekwa ndani yake, hata kile isichojua kukitumia. Kwangu ilitoa mstari huu: 00:19.0, Ethernet controller, Intel 82579LM, na kwenye mabano ya mraba 8086:1502. Hatari tupu. Kadi imeonekana! Ile 8086 ni namba ya ukoo wa Intel, waliyojipa kwa kumbukumbu ya prosesa yao ya mwaka 1978. Realtek wana 10ec, Broadcom wana 14e4. Namba ya pili ni jina la kadi yenyewe, na ukilijua hilo utajua inataka draiva gani.

Chini ya mstari ule ulipaswa kuwepo mwingine ulioandikwa "Kernel driver in use". Kwangu haukuwepo. Maana yake kadi ni nzima, ipo, imekaa inasubiri, ila kerneli niliyoipika mwenyewe sikuitilia draiva ya kuongea nayo. Ni kama mgeni aliyebisha hodi kwa Kimatengo na nyumba nzima hakuna anayejua Kimatengo. Nyumba inasema hakuna mtu mlangoni.

Sasa ukishajua hayo utafanya nini na heshima yako? Kwa hiyo usiandike lspci. Andika ifconfig, ione ile "lo" peke yake, ambayo ni mashine kujipigia simu yenyewe, kisha simama, vua miwani kama unayo, na utangaze: "Kadi imekufa."

3. Peleka msiba Songea.

Kadi ikishakufa lazima inunuliwe nyingine, na nyingine haipo hapa. Safari ya Songea inakuondoa kwenye macho ya benchi kwa siku nzima. Rudi jioni na kadi yenye chipu ya Realtek, ichomeke, washa. Nayo haitaonekana, kwa sababu inahitaji draiva ya r8169 na hiyo pia hukuipika. Una maiti wawili sasa. Kwa kuwa kadi mbili hazifi kwa siku moja bila sababu, hamishia lawama kwenye mazabodi.

4. Pika kerneli upya, na upike vibaya.

Hili nalisema kwa sauti ndogo. Siku ya kwanza nilikuwa na akili zangu, nikafungua menuconfig, ile orodha ndefu ambamo mtu anachagua kerneli yake iwe na nini. Nikashuka hadi kwenye draiva za mtandao, nikaingia kwa Intel. Pale kuna majina mawili yanayofuatana: e1000, na chini yake e1000e. Nikachagua la juu. Kwa nini? Kwa sababu liko juu. Na kwa sababu kuna mtu aliwahi kuniambia kerneli ya mwanaume ni nyepesi, isiyo na herufi za ziada.

Ile e ya mwisho, ndugu yangu, ndiyo iliyokula siku zangu tatu. e1000 ni ya kadi za zamani za PCI, zile ndefu zilizochomekwa kwenye tundu jeupe. e1000e ni ya zile za PCI Express, pamoja na hizi zilizoungwa kwenye mazabodi, kama 82579LM yangu. Zinatoka kampuni moja, majina yanafanana kama mapacha, ila mmoja hamjui kabisa mgeni wa mwenzake. Mashine haikulalamika. Ilipakia e1000, ikaangalia huku na huku, haikuona kadi ya ukoo wake, ikanyamaza.

Nikapika mara ya pili. Katikati umeme ukakatika. Uliporudi ilikuwa kama saa kumi alfajiri, nikaamka na hasira, nikaandika make mrproper ili nianze upya. Zingatia hapa kama unataka kushindwa kweli: make ina akili ya kuendelea ilipoishia, inaruka mafaili yaliyokwisha kompailiwa. Ningeandika make tu, ingemalizia. Lakini mrproper hufagia kila kitu, pamoja na faili la .config lenye machaguo yako yote. Nilikuwa nimefuta siku mbili kwa neno moja, na nikabonyeza Enter kwa nguvu, kama mtu anayegonga muhuri.

Mara ya tatu nikachagua e1000e. (Usiniulize nilijuaje, tutafika.) Ikapika vizuri, nikaristati, kadi hakuna. Nusura nilie. Wazee wa Kimatengo wanaolima ngoro milimani kule wangenicheka: wao hupanga nyasi kwanza kwa miraba, wakafukia kwa udongo, shimo likabaki katikati, na hawaruki hata hatua moja kwa sababu wanajua mvua haisamehe. Mimi niliruka ya mwisho. Kerneli mpya nilikuwa sijainakili kwenye /boot. Ukiandika uname -v mashine inakuonyesha tarehe ambayo kerneli inayotembea ilipikwa, na mimi nilikuwa nawasha kerneli ya Jumanne huku nikiisubiri ile ya Alhamisi ifanye kazi.

5. Yakikubana, iba.

Benchi bado limejaa. Chukua simu yako, iunge na kompyuta kwa waya wa chaji, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, ficha simu nyuma ya boksi, weka rimu ya karatasi mbele yake. Bando litaisha haraka lakini heshima itabaki. Tatizo ni kwamba njia hii nayo inataka draiva, rndis_host kwa simu nyingi, na wewe mtu wa kerneli nyepesi hukuiweka.

Basi toa flashi ya Ubuntu. Najua, najua. Ni kama mpishi wa harusi kutuma mtoto akanunue chapati kwa jirani. Lakini jirani ana chapati. Ubuntu ilianza mwaka 2004, na hadi 2011 walikuwa wakituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Nami ninazo mbili, moja imekaa chini ya glasi ya maua. Ubuntu inaona karibu kila kadi kwa sababu waliopika wameweka draiva za kila ukoo, bila kujali wepesi. Iwashe kwa flashi, fungua terminali, bonyeza F11 ijae skrini nzima hadi mapambo ya Ubuntu yapotee. Giza, maandishi meupe. Nani atajua?

Andika dmesg, ile amri ya kumwaga maneno ya kerneli, acha iteremke kidogo kabla ya kugeuza skrini kwa wateja. Mwaka 2004 huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake ni za Kiswahili, jambo jema sana kwa nchi na baya sana kwa mafundi. Bahati nzuri kerneli bado inalalamika kwa Kiingereza. Mteja anaona mistari mia mbili inapita na wewe unatikisa kichwa polepole, "Mmh... mmh."

Ukiwa humo ndani ya Ubuntu, usiandike lspci -k. Itakuambia wazi kabisa kadi yako inaendeshwa na draiva gani, na mchezo utakuwa umeisha. Mimi niliandika. Ndivyo nilivyojua ile e.

6. Ikionekana kwa bahati mbaya, ikatae.

Siku ya nne niliinakili kerneli kwenye /boot, nikawasha, na kadi ikaja. Sikujua! Faili langu la mipangilio liliitwa ifconfig.eth0, kama nilivyozoea, na mashine ikasema eth0 haipo. Nikatangaza msiba upya. Kumbe tangu mwaka 2013 udev ya systemd ilianza kuziita kadi kwa mahali zilipochomekwa, na yangu sasa iliitwa enp0s25. Ile 00:19.0 ya lspci inahesabiwa kwa kumi na sita kumi na sita, kwa hiyo 19 yao ni 25 yetu. Mgeni alikuwa sebuleni ameshapewa kiti, mimi niko barabarani namsubiri kwa jina la utotoni. Amri ya ip link ingenionyesha kwa sekunde moja. Bila hiyo, unaweza kuongeza siku nzima ya kushindwa juu ya kadi inayofanya kazi vizuri, na hicho ndicho kiwango cha juu cha sanaa hii.

7. Toa maelezo mafupi, chukua hela.

Mtandao ukisharudi, mteja atataka kujua ilikuwa nini. Usimtajie e iliyosahaulika. Mtu aliyekaa benchini siku nne hawezi kuambiwa ilikuwa herufi moja.

Mama wa usipa aliingia wa mwisho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa karatasi yake. Mjukuu amepata daraja la pili. Akaniomba nimtolee kopi mbili, moja ya kumpelekea baba wa mtoto Mbamba Bay, akakunja noti akaniwekea mezani.

"Sasa mwanangu, siku zote hizi ilikuwa nini?"

"Seva, mama."

"Aaa," akasema, akatikisa kichwa kwa heshima. "Seva."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda gengeni kwake. Ndoo ilikuwa tupu, wateja wamejipanga wanalalamika kuwa wamesubiri usipa tangu alfajiri. Yeye amekaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, anawaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza: samaki wapo, ila huko ziwani seva iko chini.