Seredani kwa Mfalme

Mama mkwe alipotua London kutoka Tanga, sandukuni mwake mlikuwa na kanga, dagaa, na seredani ya udongo iliyoviringishwa shuka kama kitoto kichanga. Uwanja wa ndege hawakuuliza kitu. Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Nilijua hamna," Mama akajibu, na mjadala ukafungwa.

Ndiyo sababu Jumamosi moja ya Agosti nilikuwa ndani ya treni ya District, kutoka Barking hadi Richmond, zaidi ya saa nzima, nimepakata jiko. Watoto walijisogeza mwisho wa behewa ili watu wasijue ni wangu. Mke wangu alishikilia ndoo yenye kilo tatu za mishkaki, nyama iliyolala usiku kucha kwenye tangawizi, kitunguu thaumu na papai bichi.

Nilikuwa nimemwambia Mama tunampeleka kwa mfalme. Hapo ndipo nilipoharibu. Richmond Park ni bustani ya kifalme kweli, kubwa kuliko zote za London, hekta 955. Lakini Mama alivaa kwenda ikulu: baibui jipya, dhahabu masikioni, viatu vya kisigino. Tulipopita getini akasimama, akaitazama mialoni mikongwe na nyasi zilizokauka rangi ya mkate.

"Mfalme yuko wapi?"

"Hakai hapa, Mama. Hii ni bustani yake tu."

"Hili ni pori."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni pori. Wanyama wenyewe wamo, zaidi ya mia sita, wenye pembe kama matawi. Mama akasema ni kulungu. Mke wangu akasema swala. Mimi nikasema ayala, nikaonekana najidai. Wakati tunagombana, kundi la kasuku wa kijani likapita juu likipiga kelele. Wamejaa London miaka mingi sasa, wanazaliana humo humo na baridi yote ile. "Hata kasuku wamepata viza," Mama akasema. Dada yake alikuwa amenyimwa mara mbili.

Kwenye kilima cha King Henry nilitaka kumwonyesha kanisa la St Paul's, linaloonekana kilomita kumi na sita mbali kupitia tundu kwenye miti. Badala yake nikamsimulia hadithi ya kilima: kwamba mwaka 1536 Henry VIII alisimama pale akingoja ishara kuwa mkewe, Anne Boleyn, amekwisha kukatwa kichwa. Wanahistoria wanaikanusha, jioni ile mfalme alikuwa Wiltshire, mbali kabisa. Mama hakuwa na haja na wanahistoria.

"Kaua mkewe, na kilima wakampa?" Akanitazama mimi, mkwewe, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikakimbilia kwa mfalme mwingine. Charles I ndiye aliyeizungushia bustani hii ukuta, mwaka 1637, apate pa kuwindia. Akameza na mashamba ya watu.

"Na mwisho wake?"

"Walimkata kichwa."

"Kwa ajili ya ukuta?"

"Na mengine."

Akatikisa kichwa kuridhika. Lakini aliyempendeza hasa ni John Lewis, mpika pombe wa Richmond, aliyemshitaki mlinzi wa geti baada ya kuzuiwa kupita, enzi za Princess Amelia aliyetaka pori lote liwe lake na rafiki zake. Mwaka 1758 akashinda, raia wakawekewa ngazi za kupandia ukutani. Vipago vikawekwa mbalimbali, kwa makusudi. Lewis akarudi kulalamika, na jaji akaagiza zitengenezwe hata vikongwe wa kike waweze kupanda. Mama akatazama visigino vyake. "Mungu amsamehe pombe zake," akasema.

Tukatandika mkeka chini ya mwaloni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepanga mkaa, kiberiti mkononi, mlinzi wa bustani akasimamisha gari. Alikuwa mpole kupita kiasi. Moto wa aina yoyote hauruhusiwi. Ubao uko getini. Mimi nilisoma habari za wanyama tu, kwamba ukae mita hamsini mbali nao.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema seredani ni nzuri."

Kumbe habari za mbwa nilipaswa kuzisoma pia. Alitokea kwenye magugu, mweusi, mnene, mwenye furaha, akaingiza kichwa chote ndani ya ndoo. Mwenyewe alikuwa mbali, akipaza sauti kwamba hana neno, ni mbwa mwema. Wanangu wakaanza kupiga kelele "Fenton! Fenton!", jina la yule mbwa aliyefukuza ayala humu mwaka 2011 na video yake ikazunguka dunia. Hawakusaidia. Mama alikuwa amekwisha kupanda juu ya mzizi wa mwaloni, visigino na vyote, baibui kalishika kwa mikono miwili.

"Mwacheni," akasema. "Si yetu tena hiyo."

Tukala mkate mkavu na ndizi. Jioni, ndani ya treni, seredani mapajani mwangu, akampigia simu dada yake Tanga, kwa sauti iliyowatosha abiria wote.

"Ndiyo, kwa mfalme mwenyewe... La, hatukumkuta... Mishkaki? Kala mbwa wake."