Kamba ya Kobe

Mwaka huo mvua za vuli zilichelewa Chakol, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Majani yakakauka, na wanyama wote wakashuka kulisha kandokando ya mto Malaba, kwenye vichaka ambako mbung'o hukaa kivulini akisubiri damu. Mbung'o hana haraka. Huuma, hushiba, huenda zake, na aliyeumwa hujikuna akasahau.

Wa kwanza kuugua alikuwa Ng'ombe. Kijijini walimwita Toto, maana kwa Wateso toto ni mama, naye alikuwa amenyonyesha ndama wengi, hata wasio wake. Nywele zake zilisimama kama za mnyama aliyelala kwenye baridi. Tezi za bega zikavimba, macho yakatiririka machozi, mbavu zikahesabika. Alikuwa na mimba kubwa. Siku tatu homa ilimshika, siku ya nne akaamka akala vizuri, wiki iliyofuata homa ikarudi.

Alikwenda kwanza kwa Bundi, aliyekaa kwenye mvule nje ya kijiji. Bundi ndiye peke yake aliyekuwa na hadubini na sindano, lakini wanyama walimwogopa. Inajulikana kwamba bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba hawalali. Walisema aendaye kwenye mvule harudi. Ukweli ni kwamba wengi walimwendea wakiwa wamezidiwa, baada ya kuzunguka kwingine kote, wakafia pale chini, na mvule ukabeba lawama ya kuchelewa kwao.

Kulikuwa pia na kosa la Bundi mwenyewe, na silifichi. Hakusalimu. Toto alisimama juani tangu asubuhi hadi kivuli kilipogeuka, kisha sauti ikatoka juu:

"Wa wapi? Ilianza lini? Lete sikio."

Akamchoma sikioni, akachukua tone la damu, akalitazama kwenye kioo. "Ni ugonjwa wa mbung'o. Dawa imekwisha. Rudi Jumatano. Mwingine!"

Toto alirudi nyumbani hajui anaumwa kwa kiasi gani, hajui kama atapona, wala kama kilicho tumboni kitakuwa salama. Hakuulizwa hata jina. Mtu akikushika mwili asikuulize jina, unaondoka na maumivu yaleyale na fedheha juu yake.

Jumatano haijafika, Kakakuona alishuka kutoka vilima vya Kakapel, kwenye yale majabali yenye michoro ya watu wa kale. Kakakuona haonekani ovyo. Akionekana, watu humwekea vitu mbele yake, maji, nafaka, wamtazame anachagua nini ili wajue mwaka utakuwaje. Alisema ameoteshwa: gome la mti fulani wa mlimani, lichemshwe, kila mgonjwa anywe kikombe kimoja cha kibuyu, kimoja tu, na atoe konzi moja ya wimbi. Nasisitiza kwamba Kakakuona hakuwa tapeli. Aliamini ndoto yake kuliko alivyoamini magamba yaliyomfunika.

"Yoga, Toto," alimwambia Ng'ombe. Akamkalisha kivulini. Akamuuliza habari za ndama, za kulala, za mimba. Akaweka mkono juu ya tezi iliyovimba akauacha pale kwa muda. Hakuna aliyekuwa amemgusa hapo tangu augue. Kisha akampa kikombe. Kilikuwa kichungu, chenye harufu ya udongo wa mvua ya kwanza.

Asubuhi yake Toto aliamka akala.

Habari ikavuka mto kabla ya jua kutua. Kunguru aliitangaza kwenye kila mti, na kila neno alilosema lilikuwa kweli: Toto alikuwa amelala chini, sasa amesimama. Waliokunywa wakajisikia vizuri walirudi kushukuru, na Kunguru akatangaza shuhuda zao. Mbuzi alishuhudia. Kondoo alishuhudia huku analia.

Fisi akaanza kubeba wagonjwa. Mpaka huu ndio uliozaa bodaboda. Ni hapa Busia na Malaba ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda, wakiita abiria kwa neno hilohilo. Fisi alijua kazi hiyo. Nauli ya asubuhi ilikuwa mayai mawili, ya jioni sita. Nyani akauza nafasi kwenye foleni, na foleni ikawa ndefu kama ya malori yanayosubiri kuvuka Malaba. Chifu Ndovu alikuja mchana, akapitishwa mbele ya wote, akanywa huku Kunguru akitazama. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuuliza swali.

Ila Nungunungu. Nungunungu alikaa kando ya njia akiwacheka wagonjwa: "Wajinga nyie! Mnakunywa maji ya magome!" Alikuwa na haki katika jambo, akaiharibu kwa mdomo. Kila alipocheka, waliokuwa na shaka nao walijiunga na foleni, kwa sababu hakuna mgonjwa anayetaka kusimama upande wa anayemcheka. Nimewaona Nungunungu wengi, wenye shahada na wasio nazo, na sijaona hata mmoja aliyemrudisha mgonjwa hospitali kwa dhihaka.

Wazee walikutana kwenye chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, kama ilivyo desturi. Korongo, asiye na pasi na asiyesimama kwenye kituo cha forodha, ndiye aliyeanza.

"Niliyoyaona hapa nimeyaona kwa watu. Mwaka 2011 niliruka juu ya kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema ameoteshwa. Watu walimwita Babu. Alichemsha mizizi ya mugariga, kikombe kimoja kwa kila mtu, shilingi 500 za Tanzania. Bei hiyo si ya mwizi. Lakini magari yalipangana kilomita kwa kilomita, mengine kutoka huku Kenya, na wapo waliokata roho ndani ya magari kabla ya kukiona kikombe. Wapo waliokinywa, wakafika nyumbani wakaacha dawa za Ukimwi wanazotakiwa kumeza kila siku. Babu alifariki Julai 2021. Foleni ilikuwa imekwisha zamani."

"Unamtukana mzee wa watu," alisema Mbuzi.

"Simtukani. Nasema nilichokiona kutoka juu."

Nungunungu akadakia: "Si nilisema? Dawa ni ya maabara tu!"

Kobe, aliyekuwa kimya, akatoa mrija mdomoni. "Maabara nayo niliiona ikijikwaa, mwanangu. Mwaka 1990 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilitangaza Kemron, dawa ya Ukimwi, Rais Moi akiwa jukwaani, nchi nzima ikashangilia. Ilipokuja kujaribiwa kwa wagonjwa wengi, Uganda ikiwamo, haikuwafaa. Na porini nako kuna dawa. Tu Youyou wa China alitafuta kwenye vitabu vya waganga wa kale, akakuta mmea wa artemisia, akapata dawa ya malaria, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo usiniambie dawa imetoka wapi. Niambie waliokunywa wako wapi."

"Si hao wanaoshuhudia!" Mbuzi akasema.

"Hao ni waliorudi. Mimi nauliza wasiorudi."

Pale chunguni pakawa kimya, mrija wa mtu mmoja tu ukisikika.

Kesho yake Kobe alimwendea Kakakuona, akamsalimu kwa heshima, akamwomba ruhusa ya kuhesabu. Kakakuona akakubali mara moja, na hilo ndilo linalonifanya nimheshimu hadi leo. Mganga anayekataa kuhesabiwa amekwisha kukujibu.

Kobe alikuwa na kamba mbili za mkonge. Kwenye ya kwanza alipiga fundo kwa kila mwenye homa aliyekunywa kikombe. Alipofika mafundo arobaini aliacha. Kwenye ya pili alipiga mafundo arobaini ya wenye homa hiyohiyo ambao hawakunywa: waliokosa mayai ya Fisi, waliosukumwa na Nyani, waliolia nyumbani kwamba uponyaji umewapita. Akangoja siku thelathini. Kisha akaanza safari ya nyumba kwa nyumba, yeye na mwendo wake ule, kutoka mto Malaba hadi karibu na mto Sio. Aliyemkuta amesimama alimfungia uzi mweupe kwenye fundo lake. Aliyemkuta bado mgonjwa aliliacha fundo wazi. Alipokuta kaburi alifunga uzi mweusi.

Kwenye boma moja alimkuta mtoto wa Swala peke yake. "Mama alikunywa," mtoto alisema. "Aliamka siku mbili, akasema amepona, hakutaka tena kwenda kwenye mvule." Kobe alichukua muda mrefu kufunga ule uzi, maana vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Aliporudi alizitandaza kamba zote mbili chini, mbele ya foleni. Waliokunywa: nyuzi nyeupe kumi na nne. Wasiokunywa: nyeupe kumi na tano. Nyeusi zilikuwa tisa huku na nane kule. Hakusema neno. Wanyama waliinama, wakahesabu wenyewe, mmoja akahesabu mara mbili akianzia mwisho.

"Lakini Toto aliamka!" Kondoo akalia. "Niliona kwa macho yangu!"

Toto alikuwa amelala pembeni. Homa ilikuwa imemrudia mara ya tatu.

Kobe akatembea hadi kwenye mvule. Sijui alimwambia Bundi nini; ninachojua ni kwamba Bundi, aliyekuwa hajawahi kuonekana mchana, alishuka na hadubini yake akatua karibu na kichwa cha Toto. "Naitwa Bundi," alisema. "Siku ile sikukuuliza jina lako."

Akachoma sikio, akaweka tone kwenye kioo, akamwita Kakakuona atazame. Kakakuona aliona chembe za damu zikisukumwasukumwa, na katikati yake vidudu vyembamba vikijipindapinda kama viluwiluwi kwenye maji machafu.

"Mwili huwatambua kwa koti walilovaa," Bundi alieleza. "Ukiwatambua huwapiga, wengi hufa, homa hushuka, mgonjwa anaamka na kula. Lakini wachache wamekwisha kubadili koti. Hao huzaana, na homa inarudi. Siku homa iko chini hata mimi naweza kutazama nisione kitu. Ulimpa kikombe siku ya kubadili koti."

"Angeamka hata ningempa maji?"

"Angeamka hata usingempa kitu."

Kakakuona alijikunja akawa mpira, kama wafanyavyo wanapoumizwa, akabaki hivyo hadi jioni.

Dawa ilikuwa imefika. Bundi alimchoma Toto sindano moja kwenye msuli wa shingo. Alipona, ila mimba ilitoka wiki hiyo, maana ugonjwa huu huharibu mimba na damu yake ilikuwa imekwisha kupungua mno. Ndama huyo asingekufa kama kungekuwa na dawa siku ya kwanza, au kama siku ya kwanza mtu angemwambia mama yake neno moja la kumfanya arudi Jumatano. Vyote viwili vilikosekana, na kikombe kikajaza pengo.

Baada ya hapo Kakakuona alihamia chini ya mvule. Ndiye aliyepokea wagonjwa, akawakalisha, akawauliza majina, akaweka mkono panapouma, kisha akasema, "Sasa toa sikio." Gome lake Kobe hakulitupa; aliliweka kando na kamba mpya, akaanza kuhesabu wenye maumivu ya tumbo. Hesabu hiyo haijaisha. Fisi na Nyani hawakungoja kuona. Walisikia kuna mwenye ndoto nyingine ng'ambo ya mpaka, wakahamisha foleni nzima ndani ya usiku mmoja, na Mbuzi alikwenda nao.

Ugonjwa wa mbung'o, ambao kwa binadamu tunauita malale, uliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1903 daktari David Bruce, akiwa Entebbe, alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeusambaza. Zikafuata kazi za miaka mingi: vipimo vya damu, sindano, mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliyotundikwa mitoni, dawa ya kupaka miguu na matumbo ya ng'ombe. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o bado yupo, na ng'ombe bado wanaugua. Wako akisimamisha nywele na kukonda, mwite daktari wa mifugo leo. Kesho yake akiamka akila vizuri, mwite hata hivyo.