Kuonekana Ndiyo Kazi: Mhadhara wa Uzinduzi wa Taaluma ya Sebulojia

Waheshimiwa wageni waalikwa, wenye sebule na mnaopokelea wageni kwenye sebule za wenzenu, itifaki yote imezingatiwa. Nasimama mbele yenu nikiwa mwanzilishi, mkuu wa kitivo na, hadi mtakapojiandikisha, mwanafunzi pekee wa Sebulojia, elimu ya vyombo vya umeme vikaavyo pale anapoketi mgeni. Shahada zangu nimejitunuku mwenyewe, baada ya vyuo vilivyopo kushindwa kuunda jopo lenye uwezo wa kunihoji. Hoja yangu ni moja, na sitaikatakata ili kuwapendeza wenye haraka: chombo cha umeme nyumbani huajiriwa kwanza kuonekana. Kupoza maji, kupiga muziki na kuleta taarifa ya habari ni kazi za ziada, ambazo hulipiwa LUKU na husimama mgao ukianza. Kuonekana hakuhitaji umeme, angalau hadi magharibi.

Watakaodai kwamba haya ni maradhi ya zama za simu janja warudi nyuma kidogo, mpaka Kunduchi. Kwenye makaburi ya kale ya pale, kaskazini ya Dar es Salaam, zipo nguzo ambazo wajenzi wake walizipachika mabakuli ya kaure kutoka China. Bakuli lililojengewa kwenye chokaa haliliwi wali. Lilivushwa bahari nzima, likanunuliwa kwa mali isiyo haba, kisha likastaafishwa kazi ya jikoni na kupandishwa cheo cha kutazamwa. Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, mafundi walikwenda mbali zaidi: ukuta wa chumba cha ndani waliutia lipu yenye zidaka, safu juu ya safu, ili kaure na vitu vingine vya thamani vipate pa kukaa na kuangaliwa. Fundi wa jipsamu wa leo, anayemjengea mteja wa Tabata ukuta wenye vishubaka na taa za LED za bluu nyuma ya televisheni, anaiendeleza kazi ileile bila kujua kwamba ana mababu kazini. Tofauti pekee ninayoiona ni kwamba kaure haikudai soketi.

Unguja nayo inanipa ushahidi ambao hakuna mpinzani aliyewahi kuuyumbisha, hasa kwa kuwa hadi leo hakuna aliyeulizwa. Beit al-Ajaib, jumba la sherehe alilolijenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, ndilo lililotangulia kupata umeme pale kisiwani, na ndilo linalotajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Lifti, waheshimiwa, ndani ya jumba la ghorofa tatu ambalo ngazi lilikuwa nazo! Mwenye kutafuta sababu ya kiuchukuzi hapo atazeeka akitafuta.

Ulaya ilichelewa, lakini ikafika. Redio zilipoanza kuingia majumbani miaka ya 1920 zilikuwa rundo la valvu, nyaya na betri za tindikali, na mwenye zulia hakuzitaka karibu nalo. Watengenezaji wakazivisha makabati ya mbao yaliyofanana na samani nyingine, hadi kampuni ya EKCO ya Uingereza ilipothubutu mwaka 1934 kuuza AD65, redio ya duara ya bakelaiti iliyobuniwa na Wells Coates, msanifu majengo. Msanifu majengo, nasema. Wahandisi waliachiwa jambo dogo la sauti. Hapa ndipo wafuasi wa Dieter Rams, Mjerumani aliyeisanifia kampuni ya Braun vyombo vyake, hunyanyua mikono. Mwalimu wao alifundisha kwamba chombo kizuri hakijitangazi. Namheshimu Bwana Rams kama mwenzangu wa fani, ingawa yeye alisomea. Lakini mwaka 1956 yeye na Hans Gugelot walitoa SK4, redio yenye santuri juu yake, na mfuniko wake ukatengenezwa kwa plastiki angavu kwa sababu ule wa chuma ulitetema muziki ukipanda. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Matokeo yakawa mashine inayoonekana hata ikiwa imefunikwa, na watu wakaibatiza Jeneza la Snow White. Weupe, ukimya na uangavu ni mapambo kama mapambo mengine. Ni mapambo ya watu wasiotaka kushtakiwa kwa kupamba.

Sasa tuje kwetu, kwenye sura tukufu kuliko zote, sura ya kitambaa. Zanzibar ilianza kurusha televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973; Bara ikasubiri hadi 1994. Televisheni za enzi hizo zilikuwa na chogo, kwa kuwa bomba la picha lilihitaji urefu ili miale ya elektroni itoke nyuma na kukifikia kioo kizima. Wahandisi waliliona chogo kuwa tatizo. Kina mama wa Afrika Mashariki waliliona kuwa meza. Juu yake kikatandikwa kitambaa cha kufuma, pembe moja ikishuka mbele ya kioo kwa kipimo ambacho hakikuificha sura ya msomaji wa habari, ila kilimgusa nywele. Juu ya kitambaa likakaa ua la plastiki, na ubavuni mwa ua picha ya harusi. Fundi redio atasema kitambaa kile kiliziba matundu ya hewa, joto likafupisha maisha ya mashine. Yuko sahihi, na ndiyo maana Sebulojia humwalika mara moja kwa mwaka. Lakini aeleze basi kilichotokea televisheni ilipokufa. Haikutolewa sebuleni! Ilibaki mahali pake, imevaa kitambaa chake, na juu yake ikawekwa nyingine ndogo iliyo hai. Kama kuonyesha picha ndiyo ilikuwa ajira yake, ilistahili kufukuzwa siku ileile. Haikufukuzwa, kwa kuwa kazi iliyoajiriwa kuifanya ilikuwa bado inaifanya vizuri kabisa.

Kisha zikaja flati. Televisheni yenye unene wa vidole viwili haibebi ua wala picha ya harusi, na huu ndio msiba ambao wanahistoria wa usanifu wameupita kimya. Vitambaa vikawa wakimbizi. Vingine vilikimbilia migongo ya makochi, vingine vikaomba hifadhi juu ya sabufa, na sabufa, kwa mtikisiko wake, ikavidondosha kila taarabu ilipokolea. Wokovu ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wananchi walilalamikia gharama ya ving'amuzi, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini taaluma yetu ilishusha pumzi. Kila nyumba ya watazamaji sasa ilikuwa na kisanduku kidogo, bapa, chenye mgongo. Kitambaa kilipata makazi mapya, ingawa ilibidi kikunjwe mara mbili.

Na huko ng'ambo walikocheka vitambaa vyetu, wamefanya nini? Amazon ilipoleta spika yake ya Echo mwaka 2014, ilikuwa mcheduara mweusi wa plastiki. Mwaka 2017 ikatoa toleo la pili, na mnunuzi aliweza kulichagua likiwa limevishwa kitambaa. Kitambaa, waheshimiwa! Mwaka huohuo Samsung ya Korea Kusini ikaingiza sokoni The Frame, aliyoibuni Yves Béhar, televisheni yenye fremu kama ya picha ya ukutani. Mwenye nyumba asipoitazama huonyesha mchoro wa sanaa, na ina kihisio kinachoizima chumba kikibaki kitupu. Zingatieni huo mwisho. Mashine imetengenezwa ijue kwamba hakuna anayeiangalia, na kwa kuwa hakuna, haina sababu ya kuendelea. Sijapata kuona hoja yangu ikikubaliwa kwa uwazi kiasi hiki na kampuni ambayo haijanilipa. Hata hivyo Wakorea wamefika nusu ya njia tu. Mchoro wao unakula umeme, na maktaba kamili ya michoro hulipiwa kila mwezi. Kioo cheusi cha televisheni iliyozimwa, katika sebule ya kawaida ya Mbagala, huonyesha bure picha ya wageni wenyewe wakiwa wamekaa kwenye makochi, na hakuna mgeni asiyejitazama.

Friji ndiyo inayowatatiza wanafunzi wapya. Mbona ikae sebuleni, huuliza, wakati chakula kiko jikoni? Jibu la kihistoria ni rahisi. Katika nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, jiko liko uani na ni la wapangaji wote. Friji ikiwekwa huko, soda zitakuwa za wote pia. Mpangaji hukaa nayo chumbani, karibu na soketi yake na chini ya jicho lake. Hayo nayakubali, maana ni kweli. Lakini maelezo hayo yanakoma pale mpangaji anapojenga nyumba yake mwenyewe, yenye jiko la ndani, marumaru na soketi nne, na friji bado inakwenda kukaa sebuleni. Waulizeni pia watengenezaji wanaotuletea friji zenye milango ya kioo iliyochorwa maua mekundu. Hakuna mwenye akili timamu anayechora waridi ili litazamwe na sufuria.

Nimefika kwenye pingamizi zito, na kwa kuwa mimi ni msomi muungwana nitalieleza kwa nguvu zake zote. Wanasema: huu ni ubatili. Familia inanunua televisheni ya inchi 55 huku paa linavuja, mama ananunua sabufa kwa mkopo huku ada ya mtoto inasubiri, na yote kwa ajili ya macho ya wapita njia. Chombo kinachofanya kazi kingetosha, hata kidogo, hata kibaya cha sura. Wapinzani wangu wanadhani kuonekana ni kinyume cha manufaa. Wamfuate afisa mikopo anapokuja kukagua nyumba ya mwombaji. Haulizi friji inapoza nyuzi ngapi, wala habonyezi rimoti. Anatazama, anaandika daftarini: televisheni moja, friji moja, makochi seti moja. Mtu asiye na hati ya kiwanja wala cheti cha mshahara hana pengine pa kuionyeshea benki yake ndogo kwamba yeye ni mtu wa kukopesheka, na sebule ndiyo taarifa yake ya fedha iliyokaguliwa. Kaure ya Lamu nayo ilikuwa ikimwambia mfanyabiashara mgeni kwamba katika nyumba hii mali huingia na hukaa. Kuonekana, basi, ni kazi yenye mshahara.

Hapo mpinzani hujibu kwamba daftari lilelile ndilo linalorudi siku marejesho yanapokwama, na wenye mikopo ya kausha damu hawaji kuchukua kisichoonekana. Wanabeba friji na televisheni, jirani wakitazama. Sina budi kukiri kwamba jambo hilo haliko kwenye mtaala wa muhula wa kwanza. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyeficha vyake chini ya uvungu hakunyang'anywa, lakini pia hakukopeshwa, na ni yeye tu awezaye kusema kipi kilikuwa na nafuu. Sebulojia hupima mwanga ulioelekezwa kwenye chombo. Riba ni somo la kitivo kingine, na nasikia walimu wake hawalali.

Kuhusu nyaya nitasema machache, maana ni aibu ya taifa. Nyuma ya kila ukuta mzuri wa jipsamu kuna ekstensheni iliyochomekewa ekstensheni nyingine, na mafundi umeme wana sababu ya kuogopa, kwa kuwa soketi moja iliyobebeshwa vyombo vingi kupita uwezo wake hupata moto, na jipsamu haisaidii kuuona mapema. Samsung walihangaika hadi kuifungia The Frame waya mmoja mwembamba, karibu usionekane, unaokwenda kwenye kisanduku kilichofichwa kando. Sisi tunao uwezo huohuo kwa njia ya pazia.

Kuna mjumbe ameniletea kikaratasi akiuliza kama nailoni ya rimoti iondolewe. Swali hili limegawa ndoa, kwa hiyo nitalitolea hukumu. Wapinzani wa nailoni husema huvimba, hukusanya vumbi na hufanya vitufe kuwa vigumu kubonyeza. Yote ni kweli, na yote ni faida. Kitufe kigumu hupunguza watoto kubadili chaneli. Tarakimu zisizosuguliwa na vidole husomeka. Na mgeni anayepewa rimoti iliyo ndani ya nailoni hujua papo hapo kwamba anashika kitu kipya, hata kama kina miaka saba. Nailoni ibaki. Ikichanika, ifungwe mpya na kukazwa kwa raba nyuma, upande usioonekana. Maswali mengine yawasilishwe kwa maandishi, nakala tatu, na ada ya usajili ilipwe pale mlangoni kabla hamjajisevia soda. Ziko kwenye friji, hapo nyuma yenu, karibu na makochi.