Jinsi ya Kufundisha Tabianchi Kaplong kwa Chupa ya Soda na Nyanya Mbishi

Tafuta kwanza chupa ya soda ya lita mbili, rula, daftari la jalada gumu na nyanya mmoja mbishi anayekumbuka mambo. Chupa, rula na daftari utavipata madukani pale njia panda, barabara ya Bomet inapokutana na ile ya Kericho na Kisii. Nyanya hauzwi, muombe kwa adabu, na usiende mikono mitupu, mpelekee sukari. Ukishakuwa na hivyo vyote, mwalimu, unaweza kufundisha tabianchi ya dunia nzima, na huna haja ya kungoja projekta.

Anza kwa kuita rejista. Gredi ya 8 hapa kwetu haikosi Kiprop na Cherop, waliozaliwa mvua ikinyesha, wala Kipkemei na Chepkemei, watoto wa kiangazi. Kila mmoja aandike ubaoni mwezi aliozaliwa. Cherop mmoja wa Januari atazua zogo, na zogo hilo ndilo unalolitaka: mvua ya siku moja ni hali ya anga tu, haithibitishi lolote. Ongeza majina ya wazazi, kisha ya babu na nyanya, na polepole miezi ya mvua itaanza kujitenga na miezi mikavu. Wataalamu hukusanya vipimo vya miaka 30 hivi ndipo waseme, hii ndiyo tabianchi ya mahali hapa.

Hapo ndipo nyanya anapoingia. Atasema zamani mvua ya Machi haikuchelewa hata siku moja. Mshukuru, andika, kisha umuulize ni mwaka gani ilichelewa hata hiyo zamani. Atafikiri kidogo, atakumbuka mwaka wa njaa, halafu mwingine, na darasa zima litaona jinsi kumbukumbu inavyoshika miaka ya shida na kuiacha ya kawaida ipite. Hakuna atakayehitaji kuambiwa daftari ni la nini.

Sasa kata chupa pale inapoanza kupinda, geuza kipande cha juu mdomo chini kiwe faneli, tia kokoto chini upepo usiiangushe, kisha mimina maji hadi mahali ubavu wa chupa unaponyooka. Hapo ndipo sifuri ya rula. Iweke uwanjani, mbali na paa na miti. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile vituo vya Idara ya Hali ya Hewa vinaposoma mvua yao. Msomaji apige magoti, jicho liwe sawa na maji, maana kando kando maji hupanda kidogo kwenye plastiki. Kipimo cha kweli kiko katikati. Wiki mbili za kwanza watagombania kazi hii. Panga zamu kabla ya wiki ya tatu.

Kisha wape kisa chao wenyewe, maana vitabu vingi vitawapeleka kwa dubu wa barafuni na kuipita Kericho. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Simon Hay na wenzake kuhusu malaria katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo. Walisema ugonjwa umeongezeka, lakini hawakuona badiliko la maana katika joto. Wengine wakapinga: takwimu zile zilikuwa makadirio yaliyounganishwa kutoka vituo vilivyotawanyika, na katika nchi ya vilima joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakafungua rekodi ya kila siku ya kituo cha Kericho chenyewe, ya 1979 hadi 2009, ambayo zaidi ya asilimia 97 ya siku zake zilikuwa na kipimo. Wakakuta joto limekuwa likipanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila mwongo. Waachie wanafunzi hesabu: miongo mitatu ni nyuzi 0.6, sawasawa na kuichukua shule yote, vyoo na mlingoti wa bendera, na kuishusha mita 100 mtelemkoni. Mbu wameielewa hesabu hiyo. Majani chai nayo pia.

Lile jaribio la chupa mbili, siki na soda ya kuokea, la kuonyesha jinsi hewa ya ukaa inavyoshika joto, liache. Joto hupanda mle ndani hasa kwa kuwa hewa ya ukaa ni nzito na haichanganyiki upesi na hewa nyingine; angani mambo hayaendi hivyo. Tumia usiku wa Januari. Anga ikiwa haina wingu, chai ya mabondeni huamka imeungua kwa jalidi, kama ilivyotokea Januari 2012. Kukiwa na mawingu, huamka salama. Ardhi hutoa joto usiku kucha, joto ambalo jicho halilioni, na wingu hulinyonya kisha likarudisha sehemu yake chini. Hewa ya ukaa hufanya kazi hiyo hiyo, mchana na usiku, kuwe na wingu au kusiwe. Vipimo vyake vilipoanza kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu sehemu 315 katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420.

Mtoto akitaja tundu la ozoni, mpongeze kwa kufuatilia habari, kisha mwambie hilo ni tatizo jingine. Akitaja kukatwa kwa msitu wa Mau, msikilize vizuri zaidi. Msitu ukiondoka, mito kama Kipsonoi huumia na joto la jirani hupanda. Lakini hata Mau yote ingesimama leo, moshi wa dunia nzima ungetufikia.

Mvua ya mawe ipe kipindi chake. Kila mtoto hapa ameona kichaka cha chai baada ya mawe: majani yamechanika, vikonyo vimechubuka, na nyumbani hakuna cha kupeleka kituo cha kununulia chai kwa majuma. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda vilima hivi alasiri, ikakutana na upepo wa mashariki, na mawingu yakarefuka. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Tan-Schnell walionyesha kwamba takataka za majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka hivi zinaweza kuwa mbegu za barafu mawinguni. Schnell huyo huyo aliwahi kukiongoza kituo cha Mauna Loa. Mwanafunzi anayepalilia chai Jumamosi ana haki ya kujua hilo.

Mwisho, shughulikia Aprili. Shule hufungwa katikati ya masika, na chupa ikikaa bila msomaji, daftari litakosa mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Mtafute mlinzi, au mwanafunzi anayeishi karibu na lango, umfundishe kupiga magoti saa tatu, umwachie kalamu mbili. Nyanya naye apite mara moja moja kuhakikisha kwamba imeandikwa kweli.