Kava ya Mama Injinia

Mke wangu, Mama Injinia, ni mweka hazina wa chama cha akina mama 12 mtaani kwetu Kitengela. Pia anauza mayai. Kwa hivyo simu yake si ya kupiga soga tu: humo ndimo mlimo madeni ya mayai ya kila jirani, michango ya chama, picha za kazi za watoto ambazo walimu wanataka zitumwe kabla ya saa mbili usiku, na M-Pesa. Simu hiyo ikizima, nyumba nzima inazima. Nakwambia haya mapema, msomaji, usije ukaniona mtu wa kupoteza usingizi kwa plastiki ya shilingi mia tatu.

Simu ya zamani ilikufa Januari. Ilimponyoka akiinama kuokota mayai bandani, ikaangukia jiwe kwa kona, kioo kikawa utando wa buibui. Fundi akaitisha pesa zinazokaribia nusu ya bei ya simu mpya. Tukashauriana, zamu yake ya chama ikafika, akanunua Samsung Galaxy A15. Hizo ndizo simu za watu wa kati kama sisi. Si kabambe za kubonyeza, wala si zile ambazo bei yake inanunua ng'ombe na ndama wake.

Mimi nilisema kava inunuliwe siku hiyo hiyo. Mama Injinia akasema kwanza aamue rangi. Akaamua rangi kwa siku nne.

Siku nne katika nyumba yenye Tingatinga ni nyingi mno. Huyo ni kitinda mimba wetu, miaka 3, na jina alilipata kwa haki: akikutana na kitu njiani hakizunguki, hukipitia. Juu yake kuna Redio, msichana wa miaka 8, ambaye habari haijawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Mkubwa wao ni Injinia, miaka 14, aliyeifungua pasi yetu aone moto unatoka wapi, akaifunga tena skrubu mbili zikabaki mezani. Pasi inafanya kazi mpaka leo. Zile skrubu ninazo kwenye droo, na kila nikizitazama roho haitulii.

Siku ya nne rangi ilitangazwa: zambarau. Nikitoka kazini EPZ, Athi River, nikashuka matatu nikaingia kwenye kibanda kando ya barabara ya Namanga. Kijana akapekua, akatoa kava ya A14. "Mzee, hizi ni ndugu. Itaingia tu." Simu yenyewe nilikuwa nimeiacha nyumbani, na vumbi la siku nzima lilikuwa limenikaa kooni. Nikalipa.

A14 ina urefu wa milimita 167.7. A15 ina 160.1. Ukizisoma utaona milimita saba na kitu si neno, lakini ndani ya kava hilo ni pengo la kupitisha kidole. Simu ilicheza humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake, na tundu la kamera likawa linatazama mahali pasipo na kamera. Mama Injinia aliitazama kava, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole, "Lakini rangi ni nzuri, Baba Injinia." Wewe uliyeoa unaujua upole wa aina hiyo. Sikujibu. Kava ile sasa ni mashua ya Tingatinga kwenye karai la kuogea.

Habari zikamfikia shemeji yangu, yule tunayemwita Kamishna kwa sababu hakuna ofisi nchini ambayo yeye hana mtu ndani. Kamishna akaleta kava kutoka Luthuli Avenue, Nairobi: ya ngozi, ya kufunga na kufungua kama kitabu, yenye sumaku pembeni na mifuko ya kitambulisho, kadi ya benki na noti. Kwa kweli ilikuwa na heshima yake. Ikifungwa, kioo chote kinafunikwa. Simu hata ikirushwa mkobani na funguo haikwaruzwi. Mama Injinia akahamishia maisha yake yote humo ndani na kuacha kubeba pochi.

Tatizo likatokea kwenye maji. Maji ya Kitengela kila mwenyeji anayajua: mji umekua kuliko mabomba, kwa hivyo tunanunua ya visima, yakija kwa boza au kwa mikokoteni ya punda, na mengine yana chumvi hata chai inakataa sukari. Ukiyapata, unayaweka kwenye pipa na kuyalinda. Mama Injinia alikuwa ameinama pipani akichota, simu kifuani. Kava kama kitabu ni nzito, na shingo ya blauzi haikushonwa kubeba maktaba. Ikazama yote: simu, kitambulisho, kadi na shilingi elfu tatu za chama.

Injinia aliitoa kabla sijamaliza kusema "Ngai!" Simu haikudhurika, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo hadi leo, maana A15 haikuundwa kuvumilia maji. Ngozi ilinuka wiki nzima. Noti tulizianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, na Redio akatoka mbio mpaka langoni kuwaarifu majirani kwamba mama anafua pesa za chama. Wanachama watatu walifika kabla ya saa kumi.

Baada ya hapo Injinia akaomba apewe kazi ya kuchagua kava, na nani angemkatalia? Huyu mtoto anavipenda vitu hivi kwa moyo wote. Anakijua kile kiwanda cha Athi River kinachounganisha simu, kilichofunguliwa Oktoba 2023 kikiwa na uwezo wa kuunda zaidi ya simu milioni moja kwa mwaka, na ameshaamua atafanya kazi huko. Mara nyingi ananiuliza kwa nini simu ziunganishwe umbali wa matatu moja kutoka kwetu, halafu kava zisafirishwe kutoka ng'ambo. Ni swali zuri.

Chaguo lake lilikuwa kava nene nyeusi, mpira juu ya plastiki ngumu, pete ya chuma mgongoni, na maandishi kwenye boksi kwamba imefikia kipimo cha jeshi la Marekani. Injinia akakitafuta kipimo chenyewe: simu iangushwe mara 26 kutoka sentimita 122, itue juu ya plaiwudi iliyolazwa kwenye saruji. Akang'oa plaiwudi ya banda la kuku, akaingiza kavani simu yangu ya zamani iliyotoshea kidogo, akaanza kuhesabu. Ilipofika mara ya 19, kioo kikaachia. Ndipo aliposoma mpaka chini akaona kwamba kipimo kinaruhusu simu tano zigawane maanguko hayo, na kwamba jeshi halimkagui mwenye kiwanda. Anajipima mwenyewe na kuandika boksi. Kuku nao walikuwa wameshatawanyika hadi kwa jirani.

Hata hivyo kava ile ingebaki, kama si kidole. A15 husoma alama ya kidole kwenye kitufe cha kuwashia, ubavuni. Kava ya Injinia ilikifunika kitufe hicho kwa mpira. Kwa hivyo Mama Injinia akawa anafungua simu kwa namba ya siri, mara arubaini kwa siku, mikono ikiwa na unga au mayai, na Redio amesimama begani. Siku ya tatu mwenye punda wa maji aliniita pembeni kwa adabu. "Mzee, badilisheni ile namba ya mama. Huyu msichana ameifanya wimbo wa kuruka kamba." Alinikariria tarakimu zote nne.

Jumamosi hiyo tukaenda Kajiado kwa Kokoo, mama mkwe wangu. Ni kama kilomita 50 tu kupitia Isinya, lakini nilikuwa nimechoka kama aliyekwenda kwa miguu. Kokoo ana simu ya kubonyeza, ile ya mulika mwizi, na inaning'inia shingoni mwake ndani ya kifuko cha ngozi alichokishona mwenyewe kwa shanga. Alitusikiliza sote, kila mmoja akiitetea kava yake, Kamishna naye akitetea kwa simu kutoka mbali. Kisha akamgeukia bintiye.

"Huwa inaangukia wapi?"

Tulinyamaza. Wiki tano tulikuwa tumebishana rangi, ngozi na jeshi la Marekani, na hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Huanguka akiinama. Bandani, pipani, jikoni, kila mara huanguka akiinama, kwa sababu magauni yake hayana mfuko wa maana. Na ikianguka hutangulia kwa kona, gramu 200 zote zikitua kwenye ncha moja.

Kokoo akaingia ndani, akatoa kifuko kingine, akampa bintiye. Nasi tukashuka mjini Kajiado, duka dogo karibu na stendi, ambapo mwenye duka alikataa kutuuzia chochote kabla hajaishika simu. Akaingia kwenye mipangilio, akasoma namba ya modeli, akatoa kava ya mpira laini isiyo nene, kona zimefura kidogo, ukingo umepanda juu ya kioo, na kitufe cha kidole kimeachwa wazi. Alituonya kwamba zile zinazopitisha mwanga hugeuka njano kwa jua, na kwamba vumbi letu huingia nyuma ya kava na kuukwaruza mgongo wa simu, kwa hivyo ivuliwe na kupanguswa kila wiki. Mia tatu na hamsini. Zambarau haikuwepo. Mama Injinia alichukua ya kijivu bila neno.

Leo ni wiki ya tisa. Simu imeanguka mara mbili tu, zote mikononi mwa Tingatinga, na kioo ni kizima. Ndugu yangu, ukienda kununua kava, beba simu yenyewe, na kabla hujatoka nyumbani mwulize mwenye simu huwa inaangukia wapi.