Bega la Adabu

Mimi ni mashoto. Kalamu, kisu, mwiko, hata fimbo ya kumfukuzia kuku wa jirani, vyote nashika kwa kushoto. Mkono wa kulia niliachiwa kwa ajili ya adabu tu: kula mbele za watu, kusalimia wakubwa, kupokea zawadi, kutoa nauli. Marehemu bibi alilisimamia hilo kwa mwiko, tena akinichapa kwa mkono wake wa kulia ili nipate na mfano. Tukaelewana hivyo, mimi na jamii: kazi kushoto, heshima kulia.

Sasa nimefika umri ambao hedhi inaaga, na mwili umeamua kuvunja mkataba.

Lililotangulia ni joto. Wataalamu wanasema homoni ya estrojeni ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inaingiwa na kiherehere. Mwili ukipanda joto kidogo tu, inaamuru damu ikimbilie kwenye ngozi na jasho limwagike. Dakika chache baadaye umelowa na unatetemeka. Mwanamke wa Lushoto au Makete angalau ataonewa huruma, maana huko mtu akitiririka jasho watu wanashangaa. Mimi nakaa Dar es Salaam. Nikisema naungua, mume wangu anajibu, "Hata mimi, mama watoto, si Februari hii?" Ikifika Julai anasema ni mabadiliko ya tabianchi.

Shoga yangu wa kikoba, ambaye hakuna ujumbe wa simu unaompita, akanipa sababu yake. "Wewe mashoto bwana, lazima mambo yako yawahi." Nilitaka kumcheka, kumbe kuna msomi aliyelichunguza jambo hilohilo. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia wa Marekani, Lynnette Leidy, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanawake wa kushoto aliowachunguza walikoma hedhi mapema kuliko wenzao wa kulia. Namheshimu dada huyo, ila moyo uliniuma. Sisi mashoto ni kama mmoja katika kila watu kumi. Maisha yetu yote tunahangaika na mikasi iliyotengenezwa kwa ajili ya wale tisa, tunaandika huku tunafuta wino kwa kiganja, halafu foleni pekee tunayopewa kipaumbele ni hii. Siku tukitangulizwa kwenye foleni ya maji, niamsheni.

Hayo yote ningeyameza. Lisilomezeka ni bega.

Kuna ugonjwa wa bega kuganda. Utando unaozunguka kiungo cha bega unavimba, unakuwa mnene, unakaza, mpaka mkono hauinuki wala hauzunguki. Unawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari ndio hasa wajihadhari. Unachagua na upande: mara nyingi zaidi unashika bega la mkono ambao mtu hautumii sana.

"Mama, unatumia mkono gani?" akaniuliza kijana wa mazoezi ya viungo.

"Kushoto."

"Basi una bahati. Kazi zako zitaendelea."

Bahati! Mwanangu, kazi nani alikuwa na shida nazo? Kufua nafua, kupika napika, kusonga ugali nasonga. Kilichoganda ni adabu. Kwenye daladala konda yuko nyuma ya bega langu la kulia, anagonga sarafu zake, nikimpitishia nauli kwa kushoto ananiambia, "Mama mtu mzima, hivyo ndivyo tulivyofundishwa?" Msibani mzee mmoja alininyooshea mkono, nikampa wa kushoto, akautazama kama nimemkabidhi samaki aliyeoza. Kwenye shughuli tunazunguka sinia la pilau, na nyama, kama mnavyojua, hukaa katikati. Mkono wangu unaishia kwenye wali uliopo mbele yangu. Wenzangu wakanisifu kwa kutokuwa na tamaa.

Nyumbani nimepewa zoezi la kutambaza vidole ukutani, kila siku vipande juu kidogo. Binti yangu akipita anauliza kama natafuta swichi. Sidiria naifungia mbele, kisha naizungusha, na wakati huohuo joto linapanda kifuani, linavuka shingo, linatua usoni. Mume wangu anachungulia na kuuliza kwa nini kuvaa tu kumenitoa jasho hivyo.

Ninachodai si kikubwa. Wanawake tunapewa ushauri wa maziwa, wa dagaa, wa kutembea jioni. Basi wazee wa mila, mashehe na wachungaji wakae kikao kimoja watoe na kibali. Mwanamke aliyevuka miaka 45 atoe na apokee kwa mkono utakaokubali kunyooka siku hiyo, na asiulizwe alilelewa na nani.

Tena wafanye haraka. Bega la namna hii huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea, na kijana wa mazoezi, akiwa ananikunja bila huruma, akaongeza kwamba kwa baadhi ya watu bega la pili nalo hufuata. Likifuata langu kabla hili halijapona, sitakuwa na mkono wa kazi wala wa heshima. Mkinikuta njiani msininyooshee kitu. Niamkieni tu, marahaba nitaitoa bila bega.